Kiazi cha Kijani Hakitakaswi na Moto

Kiazi mviringo ni cha ukoo mmoja na nyanya, mnavu na tumbaku, na kama jamaa zake, hujikinga na wadudu na maradhi kwa sumu. Sumu hizo ni mbili hasa, solanini na chakonini, zinazoitwa kwa pamoja glaikoalkaloidi. Ndani ya kiazi ni kidogo. Kwenye ganda, macho na machipukizi ndiko zinakojaa.

Kiazi kikipigwa na mwanga hugeuka kijani. Rangi hiyo ni umbijani, ule ule wa mchicha, na haumdhuru mtu. Ila mwanga huo huo huongeza na sumu, ndiyo maana kijani ni onyo. Tena kiazi kilichochubuka au kukatwa jembe huweza kuongeza sumu bila kubadilika rangi. Hapo ulimi ndio shahidi: uchungu, au koo kuwasha.

Viazi vya kawaida huwa na miligramu 20 hadi 100 za sumu hizi kwa kilo, na wataalamu wengi huweka ukomo kwenye 200. Mwaka 2020, mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba madhara huweza kuanza mtu anapokula miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake. Tupige hesabu: kwa viazi vilivyofika ukomo ule, mtu wa kilo 60 atafikia kiwango hicho kwa gramu 300, mtoto wa kilo 20 kwa gramu 100 tu.

Sumu hizi hutoboa utando wa seli za utumbo na kuvuruga mawasiliano ya neva. Mtu hupata kichefuchefu, hutapika, huharisha na kuumwa tumbo. Zikizidi, huchanganyikiwa, na kifo chaweza kutokea, ingawa ni nadra. Mwaka 1969 huko Lewisham, London, wanafunzi 78 waliugua baada ya kula viazi vilivyobaki shuleni tangu muhula uliotangulia. Kumi na saba walilazwa hospitalini; wote walipona.

Wengi hudhani jiko humaliza kila kitu. Kuchemsha hupunguza sumu hizi, lakini mara nyingine kwa asilimia 5 tu. Kumenya huondoa kati ya robo na robo tatu.

Kwa hiyo, viweke viazi gizani, mahali pa baridi penye hewa. Mkulima avipandishie udongo shambani. Muuzaji asivianike juani kutwa nzima. Doa dogo la kijani likate pamoja na nyama iliyo chini yake, na ung'oe machipukizi. Kilichoenea kijani, kilichonywea au chenye uchungu, kitupe. Usimpe ng'ombe wala mbuzi: sumu hii huwadhuru nao.