Jiko la Mkaa Chumbani

Mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Huko Njombe na Makete, sakitu huonekana alfajiri juu ya majani. Katika majira hayo wako wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, kisha wakalala. Baadhi yao hawaamki tena. Yafaa tujue sababu yake.

Sehemu kubwa ya mkaa ni kaboni. Hewa iingiapo chini ya jiko, oksijeni iliyomo huungana na kaboni, ikafanyika gesi ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo ipandapo katikati ya makaa mekundu hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, ikageuka kaboni monoksidi. Ndimi za buluu zichezazo juu ya makaa ni gesi hiyo ikiungua. Ndimi zikizimika, watu husema moto umetulia; kumbe gesi ingali ikitoka, nayo haiungui tena.

Kaboni monoksidi haina rangi, harufu wala ladha. Moshi wa kuni huwasha macho na kumfukuza mtu nje. Mkaa hauna onyo hilo, kwani vitu viletavyo moshi vilikwisha kutoka katika tanuri. Tena, nyumba ya nyasi hupitisha hewa kwenye paa. Nyumba yenye dari na madirisha ya vioo huifungia ndani.

Katika damu, oksijeni huchukuliwa na himoglobini. Kaboni monoksidi huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata gesi kidogo tu huweza kuunyima ubongo na moyo oksijeni. Kwanza huja maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Wengi hudhani ni malaria. Lakini watu wa nyumba moja wakiugua kwa pamoja, na wakipata nafuu watokapo nje, jiko lishukiwe. Aliyelala hazisikii dalili hizo. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wamo katika hatari kubwa zaidi.

Wako wanaoamini kwamba bakuli la maji kando ya jiko hunyonya sumu. Sivyo, gesi hii haiyeyuki katika maji ila kidogo sana.

Ukimkuta mtu amezirai, fungua milango, mtoe nje upesi, kisha apelekwe hospitali. Katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua saa 4 hadi 5 kutoka katika damu. Kwa oksijeni ya hospitali, muda huo hupungua hata kufikia kama saa moja na nusu.

Basi, ndugu msomaji, ota moto barazani, kisha ingia ndani ujifunike blanketi. Jiko lilale nje.