Walikwenda Kushuhudia, Wakaulizwa Wao

Ndugu msomaji, hapana shaka umepata kukutana nao. Ulikuwa umeketi stendi ukisubiri basi, au umesimama kwenye foleni ya maji, akaja kijana nadhifu, Biblia kwapani, akakuamkia kwa adabu na kukuomba dakika tano tu. Labda ulimsikiliza. Labda ulijifanya unasinzia. Vyovyote ilivyokuwa, huenda hukupata kujiuliza jambo moja: kijana yule, baada ya kuachana nawe, aliondoka na nini?

Mkoani Singida vijana wa namna hii ni wengi, hasa wakati wa likizo na majira ya Pasaka. Ni wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, na kila kundi lina chama chake: UKWATA kwa wale wa makanisa ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, TYCS kwa Wakatoliki, CASFETA kwa Wapentekoste, na vingine kadha. Si wote wapigao hodi nyumba kwa nyumba. Wako waimbao, wako watembeleao wagonjwa, na wako ambao kazi yao ni kupanda mabasi na kuingia sokoni kuzungumza na mtu wasiyemjua. Hao wa mwisho ndio tunaotaka kuwazungumzia leo.

Kazi yenyewe si ya jana. Mwaka 1886, huko Mount Hermon nchini Marekani, wanafunzi 100 walijitolea kwenda nchi za mbali kuhubiri, na mwaka 1895 Shirikisho la Kikristo la Wanafunzi Duniani lilianzishwa Vadstena, Sweden. Hapa Singida Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika Iramba mwaka 1926, wakajenga makanisa, shule na hospitali. Na chuo cha ualimu cha Kinampanda, ambacho sasa ni cha Serikali, ni tunda la kazi yao. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoziweka shule za makanisa mikononi mwa Serikali, dini ilibakiwa na kipindi chake katika ratiba, lakini sala za jioni, nyimbo na safari za kuhubiri zilitegemea zaidi wanafunzi wenyewe. Kwa hiyo kijana anayekusimamisha stendi mara nyingi hakutumwa na mchungaji. Ametumwa na wenzake wa bwenini.

Kabla ya kutoka hufunzwa. Huambiwa waanze na salamu, waulize habari za nyumbani, kisha walete lile swali ambalo wengi wetu tumeulizwa: ukifa leo, utakwenda wapi? Majibu yanayotarajiwa ni mawili au matatu, na kila jibu lina aya zake za Biblia zilizokwisha kuwekewa alama kwa kalamu nyekundu. Taabu ni kwamba watu wa Singida hawakupewa nakala ya majibu hayo.

Mwanafunzi mmoja wa sekondari alimwambia mwandishi wa makala haya jinsi alivyomwuliza swali hilo mzee mmoja wa Kinyiramba mjini Kiomboi. Mzee alilitafakari kwa makini sana, kisha akajibu: "Nitapelekwa Ndago. Ndiko waliko baba na babu. Na wewe, mjukuu wangu, utapelekwa wapi?"

Kijana alicheka kwanza. Alipoona mzee hacheki, akanyamaza. Amezaliwa Dar es Salaam, baba anatoka mkoa mmoja na mama mwingine, na kijiji cha babu yake amekiona mara mbili tu. Wakaketi pale kwa muda mrefu, mzee akimweleza kwa nini mtu asiyejua atakapozikwa ni vigumu pia kujua aliko. Biblia haikufunguliwa. Lakini siku hiyo jioni kijana alimpigia simu baba yake, akamwuliza habari za kaburi la babu, swali ambalo halijapata kuulizwa nyumbani kwao. Baba alishtuka, akadhani mtoto anaumwa.

Mazungumzo mengine yalikuwa sokoni. Msomaji aliyepita Singida analijua soko la vitunguu la Misuna, lenye magari yapakiayo kwenda mikoani na nchi za jirani. Wanafunzi wawili wa Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kampasi ya Singida, walimwendea mfanyabiashara wa makamo aliyekuwa akisimamia upakiaji. Walipojitambulisha, aliwaambia kwa upole kwamba yeye ni Mwislamu, swala hazimpiti, na hana haja ya kuhamia kwingine. Wakataka kumuaga. Yeye ndiye aliyewazuia.

"Ngojeni kwanza, vijana. Mmesema mnasoma uhasibu. Basi niambieni, kitabu chenu kinasemaje juu ya lumbesa?"

Lumbesa, kwa asiyejua, ni gunia lililoshindiliwa na kuvishwa kilemba juu. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, lakini mkulima hulazimishwa kujaza zaidi na kulipwa bei ya gunia moja. Mfanyabiashara yule alisema wazi kwamba hununua lumbesa. Usiku hulala vibaya. Akikataa peke yake, mwenzake atainunua, naye atabaki na gari tupu na watoto wanaosubiri ada. Je, dhambi ni ya nani: yake, ya mnunuzi mkubwa aliye mjini, au ya mkaguzi apitaye bila kutazama?

Vijana walikuwa wamejiandaa kujibu habari za Utatu. Habari za kilemba cha vitunguu hawakuwa nazo. Hata hivyo hawakukimbia. Mmoja akafungua Mithali sura ya 11, inayoanza na mizani ya udanganyifu. Mfanyabiashara naye akawatajia sura ya 83 ya Kurani, iliyoshushwa juu ya watu wapunjao vipimo. Wakakuta kwamba katika jambo hilo vitabu havigombani hata kidogo. Kisha wakaingia katika hesabu kwa kalamu na karatasi: gunia la halali lingenunuliwa kwa bei gani ili yeye apate faida na mkulima asipunjwe. Sijui, ndugu msomaji, kama hilo ni kuhubiri. Kwangu mimi ni bora kuliko hotuba nyingi za uadilifu nilizopata kuzisikiliza nikiwa kazini.

Lakini mazungumzo yaliyonifanya niandike makala haya yalifanyika karibu na Ilongero, Singida Vijijini, katika ua wa nyumba ya tembe.

Wanafunzi wanne walibisha hodi. Watatu walikuwa wa vyuo mbalimbali, na wa nne alikuwa msichana wa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi. Walimkuta mama kijana, mtoto mchanga mgongoni, na bibi akipepeta mtama. Kiongozi wa kundi alianza maneno yake, mama akamkatiza.

"Kaka, ninyi mnaombea watoto?"

"Tunaomba, dada. Mtoto ana nini?"

Mama alitazama chini. Bibi ndiye aliyejibu, tena kwa neno moja: "Lawalawa."

Wale watatu hawakulijua neno hilo. Wakafumba macho waombe. Yule wa uuguzi hakufumba.

Huenda nawe, msomaji wa mjini, hulijui. Katika sehemu za Singida na Dodoma, lawalawa ni jina la ugonjwa wa sehemu za siri unaowapata watoto wachanga wa kike. Mtoto huwashwa, hutokwa na vipele au uchafu, hulia akikojoa. Wataalamu wa afya wanaeleza kwamba ni maambukizi ya njia ya mkojo na ya sehemu za siri, ambayo huchochewa na upungufu wa maji na usafi, na kwamba hutibika kwa dawa. Lakini katika nyumba nyingi imani imekuwa kwamba ni balaa lisiloondoka ila kwa kisu. Yaani mtoto akeketwe. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, na kifungo chake chaweza kufika miaka 15. Kisu hakikutupwa chote. Kingine kilijificha kwa watoto wachanga, ambao hawawezi kusema na ambao kidonda chao hakionwi na mwalimu wala na jirani.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba mkoani Singida wanawake 31 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa 2022 walikuwa 20. Tarakimu inashuka, na hilo ni jema. Lakini mtoto wa miezi mitano hamo katika hesabu ya wanawake wa miaka 15. Atakapoingia, waliomshika miguu huenda watakuwa wamekufa.

Turudi uani. Msichana wa uuguzi alipiga magoti mbele ya bibi. "Shikamoo, bibi. Naomba nimwone mjukuu wako kabla hatujaomba."

Bibi alimtazama. "Wewe mtoto wa juzi utamwona nini? Dawa yake tunaijua. Shangazi zake walipona wote."

"Sikatai, bibi. Walipokwisha kukatwa, mlikuwa mkiwafanyaje?"

Bibi akaeleza: maji ya moto asubuhi na jioni, kitambaa safi, mtoto hawekwi chini mpaka kidonda kikauke.

"Na kabla ya kukatwa, mlikuwa mkiwaosha hivyo?"

Hapo bibi aliacha kupepeta. Msichana hakulishindilia jambo. Alisema tu kwamba yawezekana waliopona waliponywa na maji yale, si kisu. Kwamba zahanati ipo. Na kwamba yeye mwenyewe angefuatana nao kesho yake asubuhi. Mama hakusema neno muda wote huo, ila alikuwa amekwisha kumfungua mtoto mgongoni na kumpakata kifuani.

Jioni wale wanne walibishana hata chakula kikapoa. Kundi lina fomu ya taarifa: nyumba zilizotembelewa, watu waliosikia neno, watu waliokata shauri. Ile nyumba iandikwe wapi? Mmoja alishikilia kwamba walitoka kwa ajili ya Injili, na mambo ya afya yana wizara yake. Tena kesho asubuhi kuna mkutano wa hadhara, na msichana huyo ndiye sauti ya kwanza ya kwaya. Mwingine alihofu zaidi: wakijulikana kama watu wa kuchungulia siri za nyumba, milango yote ya kijiji itafungwa, na labda polisi watawahoji.

Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Mgeni anayeingia nyumbani kwa watu na kugusa jambo la namna hii anacheza na moto, na ukali ungemfanya bibi atabasamu, aage, kisha atafute mkata usiku uleule. Lakini hoja ya kwanza siiafiki. Kijana aliyemwendea mtu bila kuitwa, akamwomba afungue moyo wake, hana haki tena ya kuchagua kitakachotoka moyoni humo. Wazazi wenye watoto katika vyama hivi wawaulize, wakirudi likizo, si watu wangapi waliwahubiria, bali waliulizwa nini.

Msichana alimjibu mwenzake kwa ufupi kwamba sauti ya kwanza wako wengine.

Asubuhi alimkuta bibi mlangoni, amevaa viatu na kitenge cha kwendea kanisani. Kabla ya kutoka bibi alidai deni lake. "Jana mlisema mtaomba, na hamkuomba." Wakaomba wakiwa wamesimama, kwa kifupi, kwa sababu jua lilikuwa linapanda. Kisha wakashika njia ya zahanati, mama na mtoto mbele, bibi katikati. Huko walipanga foleni kama watu wengine. Mtoto alipimwa, akapewa dawa ya maji, mama akaelezwa namna ya kumwosha, na bibi akataka aelezwe yeye pia, mara mbili.

Wakati wa kurudi bibi alimshika msichana mkono, akamwuliza kundi lao litaondoka lini Ilongero. Alipoambiwa ni kesho kutwa, alihesabu siku kwa vidole. Kisha akasema kwamba nyumba ya tatu kutoka kwake, kule penye mti wa mkwaju, kuna mtoto mwingine.