LORI KUUKUU LINAPOKATAA KUWAKA

Kila mtu awe na daftari na kalamu, maana mwishoni yapo maswali.

Tuseme wako wenzetu watatu waliochanga fedha wakanunua lori kuukuu, Bedford lenye betri ya volti 12. Alfajiri wamekwisha kupakia nyanya za kupeleka sokoni. Dereva anazungusha ufunguo. Lori linasema “ta!” mara moja, kisha kimya. Jua linapanda, na nyanya hazingoji mtu. Mmoja anasema, “Betri imekufa, tununue nyingine.” Wa pili anasema, “Haiwezi kuwa betri, mbona taa zinawaka?” Je, nani amesema kweli? Huenda wote wawili wamekosea, na kununua betri bila sababu ni kutupa faida ya safari nyingi.

Njia ya umeme

Umeme hutoka katika betri, hupita katika waya mnene mpaka kwenye stata, yaani mota ndogo inayozungusha injini. Kisha hurudi kwenye betri kwa kupitia chuma cha injini, chuma cha chasi, na waya za kurudishia. Njia hii ikikatika mahali popote, stata haifanyi kazi.

Sasa sikilizeni vizuri. Taa moja ya mbele hutumia ampea 4 hivi. Stata ya lori hutumia ampea 100 na zaidi. Fikirini mfereji wa shambani ulioziba kwa matope. Maji kidogo ya kunywesha kuku yatapita, lakini ya kumwagilia shamba zima hayatapita. Ndiyo sababu taa zaweza kuwaka na stata ikashindwa.

Kwanza usalama

Toa gia, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu. Usilale kamwe chini ya lori ukaigusisha stata kwa bisibisi. Lori likiwaka likiwa ndani ya gia litakupanda. Usivute sigara wala kuleta kibatari karibu na betri, kwa kuwa hutoa hewa inayolipuka. Maji yake yana asidi. Yakikurukia machoni, osha mara moja kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitali.

Taa ndizo shahidi

Washa taa za mbele. Mwenzako azitazame wakati unapozungusha ufunguo. Usiishike stata kwa zaidi ya sekunde 10, kisha ipumzishe.

1. Taa zikififia sana au kuzimika, betri haina nguvu, au vichwa vyake ni vichafu au vimelegea.

2. Taa zikibaki kali na stata isigeuke, umeme haufiki kwenye stata au haurudi. Tazama swichi ya ufunguo, waya wake mwembamba, swichi ya stata, na waya mnene. Usisahau waya unaounganisha injini na chasi. Injini hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme.

3. Stata ikilia kwa kasi lakini injini haigeuki, kigurudumu chake cha meno hakishiki. Hiyo ni kazi ya fundi.

4. Injini ikizunguka vizuri lakini haiwaki, stata haina kosa. Tafuta katika mafuta au cheche.

Kusafisha viungo

Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri, hayo ndiyo matope ya mfereji wetu. Zima kila kitu. Fungua kwanza waya uliofungwa kwenye chasi, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho. Ukifanya hivyo, spana ikigusa chuma cha lori haitatoa cheche. Angalia vizuri ni waya upi, kwa sababu malori mengi ya zamani ya Kiingereza yalifungwa upande wa chanya (+) kwenye chasi, si hasi (-). Usibadilishe upande.

Osha vichwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi, lakini yasiingie ndani ya betri. Kausha, sugua kwa msasa mpaka chuma king’ae, kaza sawasawa, kisha paka girisi juu. Fanya hivyo pia kwenye ncha za waya wa chasi na wa injini, ila huko magadi si lazima.

Kama taa bado zinafifia, pima betri. Iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12 au chini, ni karibu tupu. Ichajiwe kwanza kabla ya kuihukumu. Kisha uliza kwa nini imeisha: pengine mkanda wa dinamo umelegea. Maji yakipungua, ongeza maji safi ya betri tu, si asidi.

Turudi kwa wenzetu. Waliwasha taa, wakazungusha ufunguo, taa zikazimika. Walipofungua vichwa vya betri wakakuta unga mweupe umejaa. Walisafisha, wakakaza, na lori likawaka. Betri ilikuwa nzima. Walitumia magadi kidogo, msasa na spana moja, na nyanya zikafika sokoni.

Basi, fuata njia ya umeme kwanza. Fedha itoke mfukoni mwisho.

Maswali

1. Kwa nini taa zaweza kuwaka na stata ikashindwa?
2. Waya upi wa betri hufunguliwa kwanza? Kwa sababu gani?
3. Taa zikibaki kali na stata isigeuke, utatazama wapi?

Andikeni majibu kwa sentensi kamili, kisha msomeane. Kwaherini mpaka somo lijalo.