Ushindani wa Ngoma na Uenezaji wa Ujumbe wa Kisiasa kwa Gharama Ndogo: Mfano wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Ikisiri
Makala haya yanaeleza namna nyimbo za ngoma za mashindano za Wasukuma zinavyoweza kueneza ujumbe wa kisiasa bila fedha nyingi. Hoja kuu ni kwamba unafuu wake hautokani na uchache wa vifaa, bali na ushindani wenyewe. Kwa hiyo, ngoma inapokodiwa na mpinzani kuondolewa, unafuu huo hutoweka.

1.0 Utangulizi
Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga. Wakazi wake wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Katika miaka ya 1950, eneo la Bariadi lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa. TANU ilipoundwa Julai 1954, serikali ya kikoloni ilikataa kusajili matawi yake Usukumani, na zuio hilo lilidumu hadi mwaka 1958. Chama kisichoruhusiwa kufungua ofisi kililazimika kutegemea mikusanyiko ambayo watu walikwisha kuwa nayo. Miongoni mwa hiyo ni vyama vya ushirika vya pamba, ambavyo wanahistoria wameviandikia sana, na ngoma, ambayo ndiyo mada ya makala haya.

2.0 Muundo wa Ushindani
Wachezaji wa Kisukuma kwa desturi hugawanyika katika kambi mbili, Bagika na Bagalu, ambazo masimulizi huzinasibisha na mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, vikundi vya kambi hizo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Hadhira ndiyo mwamuzi, na hutoa hukumu yake kwa miguu.

Muundo huu unabeba gharama tatu ambazo mwanasiasa angelazimika kuzilipa. Kwanza, watu wamekwisha kukusanyika kwa sababu zao wenyewe. Pili, mtunzi hupata heshima kutoka kwa wafuasi wake, hivyo hutunga hata pasipo malipo ya chama. Tatu, na hili ndilo la msingi, usambazaji hufanywa pia na mpinzani. Ili kujibu kijembe, kikundi cha pili hakina budi kukisikiliza, kukikumbuka na kukirejelea. Ujumbe huenea kwa vinywa vya wanaoupinga.

3.0 Lugha ya Ujumbe
Mkusanyo wa nyimbo za kazi za Wasukuma uliochapishwa na Frank Gunderson mwaka 2010 una zaidi ya nyimbo 300, zikiwamo zinazomtaja Nyerere na TANU. Katika nyimbo za aina hii, Kiswahili hutoa msamiati wa siasa ya kitaifa, kama vile chama na uhuru. Kisukuma nacho hutoa mapigo, mafumbo na utani. Mgawanyo huu una maana. Neno la kitaifa likiingizwa katika fumbo la nyumbani, msikilizaji hulipima kwa mizani anayoifahamu: mvua, ng'ombe, bei ya pamba.

4.0 Ngoma Inapokodiwa
Katika kampeni za vyama vingi tangu mwaka 1995, ni jambo la kawaida kikundi cha ngoma kutumbuiza kabla ya hotuba ya mgombea. Wachezaji ni walewale na ngoma ni ileile, lakini jukwaa ni la upande mmoja. Hakuna kikundi cha pili cha kujibu wala uwanja wa pili wa kukimbilia. Mgombea hulipia usafiri, chakula na vipaza sauti, kisha hupata sifa ambazo hakuna aliyezipima. Wimbo ambao haukujibiwa hauna sababu ya kukumbukwa.

5.0 Hitimisho
Kinachoonekana kuwa nafuu katika njia za wananchi ni matokeo ya uhuru wa hadhira kuondoka na uhuru wa mpinzani kujibu. Anayetaka kuutumia wimbo bila kuruhusu kijembe hununua sauti na kuacha masikio. Watafiti wa fasihi simulizi wanaochunguza siasa hawana budi kurekodi viwanja vyote viwili, kwa kuwa wimbo wa kambi moja ni nusu ya matini.