Haki ya Mkulima na Haki ya Jirani: Bustani za Msimbazi katika Mizani ya Fiqhi

Katika bonde la Mto Msimbazi, mwendo mfupi tu kutoka soko la Kariakoo, wapo watu wanaoendesha maisha yao kwa kulima mchicha na matembele. Nyumba zimewasogelea, na malalamiko yamekuja pamoja nazo: harufu ya samadi, mbu na maji machafu. Jirani anataka bustani iondoke. Mkulima anajibu kuwa yeye ndiye aliyetangulia. Magomvi ya namna hii humfikia imamu wa mtaa kabla ya kufika mahakamani, hivyo inatupasa tuijue hukumu yake.

Nani aliyetangulia?

Majina ya mitaa ni ushahidi. Mnazi Mmoja na Mchikichini yanatukumbusha miti iliyokuwepo kabla ya nyumba. Mwaka 1974 Serikali, katika kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, iliwahimiza hata watu wa mijini walime. Mwaka 1992 zikatolewa kanuni za kilimo cha mijini, zilizokiruhusu kwa mipaka: shamba lisizidi ekari 3, na ng'ombe wasizidi 4. Basi mtu haitwi mvamizi kwa sababu tu analima mjini.

Katika fiqhi, kutangulia kuna uzito. Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliotolewa kati ya 1869 na 1876, unaeleza katika kifungu cha 6 kwamba jambo la kale huachwa kama lilivyokuwa. Anayejenga kando ya bustani ameiona na kuinusa kabla ya kuweka msingi. Lakini kifungu cha 7 kinaongeza kwamba madhara hayapati uhalali kwa ukale wake. Kwa hiyo kilimo kinalindwa. Madhara yaliyopita kiasi hayalindwi, hata yakidumu miaka 100.

Mpaka uko wapi?

Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, sawa na 1277), katika Minhaj, kitabu mashuhuri cha madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, anaeleza kuwa kila mmiliki hutumia mali yake kwa kadiri ya ada. Akivuka ada, hudhamini alichoharibu. Harufu ya samadi wakati wa kuotesha ni ada ya kilimo. Kurundika samadi dirishani kwa mtu si ada.

Upande wa pili kuna kisa cha Samura bin Jundub, alichokipokea Abu Dawud. Alikuwa na mitende katika bustani ya Mwansari, na kuingia kwake kulimuudhi mwenye bustani. Mtume (s.a.w.) alimtaka auze, kisha abadilishe, kisha atoe kwa kutaraji malipo ya Allah. Alipokataa yote, ndipo ikaamriwa ing'olewe. Wapo maulamaa walioitilia shaka sanadi yake, lakini mafunzo yake yanaafikiana na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Tuzingatie mpangilio: njia tatu za upole zilitangulia kung'oa.

Suala la maji

Hapa mkulima naye ajihesabu. Kwa Mashafii, mmea uliomwagiliwa maji yenye najisi ni tohara wenyewe. Sehemu iliyoguswa na najisi huoshwa. Lakini sumu si najisi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta madini mazito katika mboga za kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na madini yaliyoingia ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa. Anayejua maji yake yana sumu kisha akauza, anamdhuru mlaji asiyemjua, na kutangulia kwake hakumsaidii kitu.

Tunalojifunza

Kwanza, aliyehamia jirani na bustani asidai iondolewe kwa udhia wa kawaida alioukuta. Pili, mkulima apunguze udhia kwa kadiri awezavyo: afukie samadi mapema na asiache maji yatuame. Tatu, kutangulia kunamkinga dhidi ya jirani, lakini hakumpi umiliki wa ardhi ya umma. Mafuriko ya Desemba 2011 yalionesha kuwa mamlaka ina sababu ya kulisimamia bonde. Hata hivyo, kumwondoa mtu bila taarifa, mazao yakiwa shambani, ni kumdhulumu jasho lake.

Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa apandaye mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ni Mtume huyo huyo aliyeusiwa na Jibril juu ya jirani hadi akadhani atarithishwa. Imamu anayesuluhisha asiitaje hadithi moja akaiacha nyingine.

Wallahu a'lam.