"Shida" ya Balisidya na Suala la Ardhi

Riwaya ya Shida ya Ndyanao Balisidya ilitoka mwaka 1975, miaka minane baada ya Azimio la Arusha. Wapo makada wanaoiona kuwa ni kitabu cha shule tu, kilichokwisha kazi yake. Fikra hiyo si sahihi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Vijana wa Ugogo, Chonya na Matika, wanaikimbia dhiki ya kijijini na kwenda Dar es Salaam. Huko wanakuta dhiki ya namna nyingine, na mwishowe wanarudi nyumbani. Fundisho la kwanza ni hili: kijana hahami kwa tamaa peke yake, husukumwa na hali halisi ya uchumi. Anayemwita mhuni kabla ya kuichunguza hali hiyo hajafanya kazi ya siasa.

Lakini tusiisome riwaya kama msahafu. Jibu lake, yaani kurudi shamba, lilikuwa na sharti moja: shamba liwepo. Mwaka 1967 jiji la Dar es Salaam lilikuwa na watu wasiofika 300,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 5,300,000. Jiji limeifuata ardhi ya mkulima hadi Kibaha na Kisarawe.

Tutazame mifano miwili. Kisarawe, mwaka 2009, kampuni ya kigeni ilimilikishwa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji kadhaa ili kulima mibono ya mafuta. Mwaka 2011 kazi ikasimama. Vibarua wakapoteza ajira, na ardhi haikuwa tena mikononi mwa vijiji. Kibaha mambo huenda polepole zaidi: shamba hukatwa viwanja, kijana hununua pikipiki. Pikipiki ikichakaa, hana chombo wala shamba. Huyu tukimwambia "rudi kijijini", arudi wapi?

Hapo ndipo kada anapotakiwa kwenda mbele ya riwaya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaeleza kuwa ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyapima mapendekezo ya mkutano huo. Basi mkutano mkuu ni ngome ya mkulima. Lakini ngome isiyo na walinzi ni boma tupu: wananchi wasipohudhuria, au wakipiga kura bila kuelezwa maana ya kuhamisha ardhi, sheria hubaki karatasi.

Kwa hiyo, ndugu makada na wanafunzi, someni Shida katika vikundi. Kisha nendeni kwenye vijiji vyenu mkaulize maswali matatu: Ardhi iliyobaki ni kiasi gani? Nani aliamua juu ya ile iliyokwenda? Vijana waliarifiwa? Majibu yake ndiyo sura ambayo Balisidya hakuweza kuiandika mwaka 1975. Kuiandika ni wajibu wetu.