Tundu limezibwa, lakini nywila mmebadilisha?

Leo mbolea na viuatilifu naviweka kando kidogo. Nataka tuongelee nywila, zile tunazoziita paswedi, kwa sababu kuna kikundi cha wakulima wa parachichi ninachokihudumia ambacho kilininyima usingizi mwishoni mwa mwaka 2023. Na naona wengi wenu sasa mnafuata njia yao ya kuweka kumbukumbu zote kwenye seva.

Ni vijana makini. Wanauza nje ya nchi, kwa hiyo mnunuzi anadai kila kitu kwa maandishi: ramani ya shamba la kila mwanachama, dawa iliyopigwa, tarehe yake, siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Zamani hayo yote yalikaa kwenye madaftari, na daftari likilowa, siku ya ukaguzi wa cheti ni kilio. Wakahamia kwenye ownCloud, programu ya kuhifadhi na kugawana mafaili ambayo unaweza kuisimika kwenye seva yako mwenyewe bila kulipia leseni. Fundi wao wa kompyuta aliisimika vizuri tu. Mkaguzi akija anatumiwa kiungo, anasoma mwenyewe.

Sasa, tarehe 21 Novemba 2023, ownCloud, kampuni ya Ujerumani, ilitangaza udhaifu uliopewa namba CVE-2023-49103. Ukali wake ulipimwa 10 kati ya 10. Juu ya hapo hakuna.

Ilikuwaje? Ndani ya ownCloud kuna kiongezo kinachoitwa graphapi. Matoleo ya 0.2.0 hadi 0.3.0 yalibeba maktaba ya msimbo iliyoandikwa na watu wengine, na ndani ya maktaba hiyo kulibaki faili la majaribio, GetPhpInfo.php. Ni kama mtaalamu amekuja kufanya shamba darasa, akaondoka na kuacha kopo la dawa wazi kwenye tuta. Mtu yeyote aliyejua anwani ya faili lile aliweza kulifungua kwa kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti yoyote, na seva ikamsomea mipangilio yake yote.

Mipangilio tu ingekuwa nafuu. Shida ni kwamba siku hizi programu nyingi husimikwa ndani ya kontena, na fundi huandika nywila kwenye mipangilio ya mwanzo ili programu izisome inapowaka. Kwa hiyo ukurasa ule uliweza kutoa nywila ya msimamizi mkuu, nywila ya seva ya barua pepe na namba ya leseni. Si kila aliyesimika ownCloud aliathirika hivyo. Kontena zilizotengenezwa kabla ya Februari 2023 hazikutoa nywila. Za vijana wangu zilikuwa mpya.

Kampuni ya GreyNoise, inayofuatilia mashambulizi ya mtandaoni, iliona watu wakilitafuta tundu hili kwa wingi kuanzia tarehe 25 Novemba. Siku nne baada ya tangazo! Mashine zao zinagonga kila mlango ulioko kwenye intaneti, na wala hazijui kama ndani kuna benki au kuna parachichi.

Nilipofika ofisini kwao Desemba, katibu alinipokea akicheka.

"Shikamoo bwana shamba. Ile habari uliyotutumia, fundi ameshaimaliza. Amekizima kile kiongezo."

"Marahaba. Na lile faili amelifuta?"

Kimya. Tangazo lenyewe lilisema wazi kwamba kuzima graphapi hakutoshi, faili lazima lifutwe. Fundi alisoma kichwa cha habari tu, kama sisi tunavyosoma jina la dawa na kuacha maelezo ya kibandiko. Tukampigia, akalifuta tukiwa bado kwenye simu.

"Na nywila mmebadilisha?"

"Za nini tena, bwana shamba? Si tundu limeshazibwa?"

Hapo ndipo penyewe, vijana. Ninyi mnaolima nyanya mnamjua kantangaze. Akishaingia kitalu nyumba, unaweza kushona neti upya kwa uzi wa chuma, yeye bado yuko ndani anataga. Nywila iliyoonekana wiki iliyopita inafungua mlango leo, hata kama dirisha aliloichungulia mwizi limejengewa tofali. Kampuni iliwaambia watumiaji wabadilishe nywila ya msimamizi, ya barua pepe, ya kanzidata, na ufunguo wa hifadhi ya mafaili ya mbali kwa wanaoitumia. Kikundi hakikuwa kimebadilisha hata moja.

Mimi iliyonitisha zaidi ni ya barua pepe. Kwa akaunti ile ile wanamtumia mnunuzi ankara. Mtu akiwa nayo hana haja ya kuvunja kitu. Anakaa kimya, anasoma mazungumzo yenu mpaka mzigo upakiwe, halafu anatuma ankara kwa jina lenu, namba ya akaunti ya benki tofauti. Mnunuzi analipa kwa nia njema, ninyi mnasubiri pesa ambayo haiji.

Tulishinda siku nzima tukibadilisha, na kila nywila ikawa ya kwake, maana tuligundua ile ya barua pepe ilikuwa inafungua pia akaunti ya duka la pembejeo. Tukakagua barua pepe kuona kama kuna mtu ameweka maagizo ya kupeleka nakala kwingine. Hayakuwepo. Je, kuna aliyefungua ule ukurasa? Hatutajua, kwa sababu seva yao ilikuwa inatunza kumbukumbu za wageni kwa siku saba tu. Mwisho katibu akampigia mhasibu wa mnunuzi, wakakubaliana kwamba akaunti ya benki haibadiliki kwa barua pepe, mpaka wapigiane simu kwa namba wanazozijua.

Nywila mpya mweka hazina aliziandika kwenye daftari, akalifungia ndani ya sanduku la fedha. Nikamuuliza ufunguo wa sanduku unakaa wapi. Akanyoosha kidole kwenye msumari pembeni ya mlango.